Kopi yao ni safi, ila mama wa watu kauza viazi kwa bei ya kutupa

Nilisubiri hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi ndiye mwangalizi wa mifumo ya kompyuta kwenye SACCOS moja hapa Mbeya. Kipindi kile cha baridi, ambapo asubuhi huwezi kugusa kibodi mpaka upashe vidole kwenye kikombe cha chai, tuliipa kampuni moja ya Dar kazi ya kunakili majedwali ya data kutoka seva ya laivu, ile inayohudumia wanachama, kwenda seva ya testi, ya majaribio. Tulitaka kujaribu kanuni mpya ya faini za mikopo kabla haijawagusa wanachama. Jina la kampuni naliacha. Wakisoma watajijua.

Niwatendee haki kwanza: kunakili wanajua. Na siongei kama mtu aliyeanza jana. Nimekaa miaka kadhaa Johannesburg nikihudumia DB2, programu ya IBM ya kutunza data, kwenye meinifremu, yale makompyuta makubwa ya mabenki, na kule kuhamisha majedwali kutoka prodakisheni (ndiyo laivu yao) kwenda testi ilikuwa kazi ya kukesha. Chombo chetu kilikuwa DSN1COPY, ambacho kinabeba kurasa za data kama zilivyo bila kuiuliza DB2 chochote. Kila jedwali lina namba zake za ndani, na namba za prodakisheni sizo za testi, kwa hiyo unaandika mwenyewe orodha: hii igeuzwe kuwa ile, hii kuwa ile. Kosea tarakimu moja uone, data imekaa pale na DB2 haiitambui. Ukimaliza bado una faharasa, zile orodha za kutafutia data haraka, za kujenga upya. Hawa vijana wa Dar kazi yao ilichukua muda wa kwenda Kabwe na kurudi kwa bajaji. Nilihesabu rekodi jedwali kwa jedwali, laivu na testi, hakuna hata moja iliyopotea. Siku ile ungeniuliza, ningewapa nyota tano na chai juu.

Shida ni kwamba walinakili yote. Yote kabisa, pamoja na jedwali la mipangilio. Kwenye testi nilikuwa nimezima utumaji wa meseji, na kuzima kwenyewe kunakaa ndani ya jedwali hilo hilo. Kopi ya laivu ikaja juu yake, meseji zikawaka tena, na mimi sina habari. Jioni tukafanya kama tulivyopanga: tukasogeza tarehe ya seva mbele karibu miezi sita, tukafunga mwezi, tukatazama faini zinavyojipanga. Zilijipanga vizuri. Tukaagana, tukaenda kulala.

Asubuhi nafika ofisini, nje pamejaa watu. Mbele kabisa kasimama mama mmoja muuza viazi wa Mwanjelwa, namfahamu, hajawahi kuchelewesha rejesho hata mara moja. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Akanipa simu yake, kitochi kimefungwa mpira wa manati kuzuia betri lisidondoke. Kwenye kioo: "Ndugu mwanachama, mkopo wako umechelewa siku 174. Faini sh. 312,500. Lipa leo kuepuka hatua." Kisha akafungua pindo la kanga, akaanza kuhesabu noti mezani kwangu. Alikuwa amewauzia walanguzi magunia yote aliyokuwa nayo, alfajiri ile ile, kwa bei waliyoitaka wao.

Nikampigia fundi wao. Niliweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na karatasi, na hilo najuta mpaka leo. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema, "Kaka, usipaniki, hiyo ni testi tu. Haina madhara kwa mtu." Mama akiwa pale pale, noti mkononi. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, testi ndiyo nini?"

Jamani. Nilikosa la kumjibu. Fundi naye anaendelea, eti nitume tiketi, yaani taarifa ya tatizo, kwenye mfumo wao, itashughulikiwa ndani ya siku mbili za kazi.

Kule kwenye meinifremu tulikuwa na taratibu mpaka zinakera. Majina na namba za simu zilibadilishwa kabla hazijagusa testi, tena zikabadilishwa vilevile kila jedwali zinapotokea ili mkopo usimpoteze mwenyewe. Na mashine ya testi haikuwa na njia ya kutokea nje hata ikitaka. Hapa kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Nilipomtajia fundi sheria hiyo akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshatuma tiketi.

Sasa na mimi nijiseme, maana kuna mtu atauliza. Fomu yao ilikuwa na kiboksi cha "majedwali yote" na kingine cha "chagua". Kwa mdomo nilimwambia fundi aruke mipangilio, akasema sawa bosi. Fomu ilipokuja ikiwa na "yote", nikasaini. Nilikuwa na haraka, umeme ulikuwa umeshakatika mara mbili. Kwa hiyo kosa si lao peke yao, na kwa ukweli huo nilitaka kuwapa nyota tatu. Hata dada mmoja wa ofisini kwao alinipigia jioni kuomba radhi, kwa adabu kabisa, akakaa nami kwenye simu mpaka tukaizima ile njia ya meseji. Huyo dada peke yake anastahili nne.

Basi nikawa nimelegea. Wiki hii imekuja ankara. Mstari wa kwanza: kunakili data kwenda testi, imekamilika kwa mafanikio. Mstari wa pili: meseji zilizotumwa. Wamezihesabu zote zile za usiku, moja moja, na ya mama wa viazi imo.

Nyota moja. Ankara nimeirudisha bila kulipa, na nimeambatanisha picha ya kile kitochi.