TAHADHARI: Huyu "mwalimu wa keki" wa WhatsApp amenitia hasara na aibu, msimtumie hata senti

Jamani wapishi wenzangu wa keki za nyumbani, naandika huku bado nina hasira. Nimekaa na jambo hili siku tisa nikiona aibu kulisema. Keki yangu ya ghorofa mbili ililala upande. Ndiyo iliyonifanya nitafute mwalimu, na nikaangukia kwa huyu.

Niwaeleze nilivyonaswa, maana najua wapo watakaoniuliza, mtu mzima unatumaje pesa kwa usiyemjua. Siku hiyo nilikuwa natengeneza krimu ya siagi ya Uswisi kwa mara ya tatu. Ute wa mayai na sukari nimeupasha juu ya mvuke, nimepima kwa kipimajoto hadi nyuzi 71, nimeupiga hadi ukasimama. Nikaanza kutia siagi, kipande baada ya kipande. Kufika nusu, krimu ikakatika. Mabonge katikati, maji yanazunguka pembeni ya bakuli. Mara mbili za kwanza niliimwaga yote, mayai na siagi vikaenda jalalani. Safari hii nikapiga picha, nikamtumia yeye, na wakati huo hata salamu tulikuwa hatujapeana.

Akajibu papo hapo kwa ujumbe wa sauti: "Mpenzi, usimwage! Hebu shika bakuli kwa nje. La baridi, siyo? Basi siagi yako ilikuwa ya baridi. Usiongeze kitu, usizime mashine, piga tu." Nikashika bakuli, kweli baridi. Nikapiga. Dakika ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu. Ya nne sauti ya mashine ikabadilika, yale maji yakapotea, krimu ikashikana, spachula ikipita inaacha njia safi. Jamani, nilikaa kwenye kiti nikalia.

Sasa niambieni, mtu aliyeniokoa vile bila kuomba chochote, ningemshuku kwa lipi? Leo najua ushauri ule ni wa kweli na kila anayeijua krimu hiyo angenipa bure. Siku ile nilimwona kama malaika.

Usiku huohuo akanipigia simu ya video. Kamera imeelekezwa chini, naona mikono tu na keki inazunguka kwenye stendi. Skrepa, lile bamba la kusawazishia krimu, imesimama wima, haitikisiki, krimu ya ziada inajikusanya ubavuni, kingo zinatoka kali kama zimekatwa kwa rula. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu nionyeshe na upande wa nyuma." Picha ikaganda. Akasema mtandao unasumbua, tena nafasi zimebaki mbili na kuna mwingine anasubiri kulipia. Nilikuwa ninatazama video iliyorekodiwa, na sikuwa na habari. Nikatuma pesa palepale, ada ya wiki sita pamoja na sanduku la vifaa. Ni pesa niliyokuwa naweka ninunue mashine kubwa ya kuchanganyia. Baba watoto nilimwambia nimenunulia unga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata pesa yenyewe.

Masomo yenyewe ni vipande vya dakika moja moja. Wiki ya kwanza mikono ina kucha ndefu na pete, wiki ya pili ni mikono ya mwanaume. Kundi limefungwa, anayeandika ni yeye peke yake. Mwenzetu mmoja alimwandikia pembeni kuuliza mbona mikono inabadilika, kesho yake hayumo.

Sanduku nalo likafika. Nozo, zile ncha za kukamulia krimu, alizoahidi ni 52, nikahesabu 24. Zote za bati jepesi lenye mshono, na ule mshono unachora mstari kwenye kila petali ya waridi. Nilipoziosha mara moja zikaanza kutu. Haya yote ningeyanyamazia, nikahesabu ni ada ya ujinga.

Lakini kulikuwa na kichupa cha unga wa rangi ya dhahabu wa kung'arishia keki. Wiki iliyofuata nilikuwa na keki ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Nikachanganya ule unga na matone ya arki ya limau, nikapaka nyota zote na michirizi ya pembeni. Iling'aa! Nikaipeleka, nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Jioni naosha brashi, nikaona karatasi ya jina la yule mwalimu kwenye kichupa imeinuka kona. Nikaibandua. Chini yake kuna karatasi nyingine: haina sumu, kwa mapambo tu. Orodha ya viambato, hakuna.

Nikaingia intaneti kusoma na miguu ikaniisha nguvu. Kumbe "haina sumu" siyo sawa na "inalika". Mwaka 2021 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kiliandika kuhusu unga wa aina hii: Rhode Island mwaka 2018 watoto sita walitapika baada ya kula keki ya sherehe, na kwenye ule unga kukakutwa shaba nyingi. Missouri mwaka 2019 mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu. Wa mwaka mmoja, kama yule wangu wa keki!

Nilimpigia mama yake natetemeka: "Dada, tafadhali msikate keki." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Umempakia nini mwanangu?" Walikuwa bado hawajakata, wanamsubiri baba yake. Nilienda kuichukua mwenyewe, nikapita katikati ya wageni nimebeba keki nzima mikononi, mtoto ananyoosha mkono kuifuata. Pesa nimemrudishia yote. Ujumbe wangu wa kuomba radhi ameusoma, hajajibu hadi leo.

Kwa hiyo shikeni haya. Asiyeonyesha uso, asiyetaka umwombe afanye kitu palepale mbele ya kamera, anayekuharakisha na nafasi mbili, kimbieni. Unga wa kung'arisha usioandikwa kuwa unalika na usio na viambato usiguse keki ya mtu, hata ua la juu linalotolewa kabla ya kula. Na mkiona karatasi juu ya karatasi, banduweni.

Na huyu mtu anastahili kushtakiwa. Kuniibia pesa ni jambo moja, ila kubandika jina lake juu ya onyo, akijua keki zinaliwa na watoto, huo ni ukatili. Afungiwe namba, afikishwe polisi, awarudishie wote aliowauzia. Mimi nimeshaandika malalamiko, risiti za malipo na sauti zake zote ninazo. Kichupa sijakitupa. Kama na wewe ulinunua kwake, kifunge kwenye mfuko, usikitumie wala usikitupe, unitumie ujumbe leo. Tukiwa wengi hawataweza kusema ni ugomvi wa watu wawili. Na kama umeshampakia mtu keki kwa ule unga, mpigie sasa hivi, hata kama ni usiku.