Dirisha la Methadoni: Tathmini Yangu Baada ya Miezi Minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikimsindikiza mdogo wangu kila asubuhi kwenye kliniki moja ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala yake, hapa Mombasa, na huduma hiyo nimeiona kwa karibu kiasi cha kuisifu na kuilaumu.

Dawa yenyewe sina la kuisema vibaya. Alipokuwa akitumia unga, yaani heroini, arosto, yale mateso ya kuikosa, ilimwamsha kabla ya adhana ya alfajiri, jasho likimtoka, kamasi zikimchuruzika na mifupa ikimuuma, na kete moja haikumtuliza zaidi ya saa chache kabla hajaanza kuisaka nyingine. Kikombe kimoja cha methadoni, dozi ikishamkubali, humfikisha hadi kesho yake bila ya kulewa. Na kwa kuwa hunywewa, ameachana na zile sindano za kupokezana maskanini zinazosambaza Ukimwi na homa ya ini. Hatulipi hata shilingi.

Muuguzi wa dirishani ni mama wa makamo. Humpa kikombe na kumwambia, "Sema bismillahi, mwanangu," kisha hamruhusu kuondoka mpaka amweleze wameamkaje nyumbani, kwani aliyeficha dawa mdomoni hawezi kusema sawasawa, na wapo wanaotoka nayo kwenda kuiuza. Anayenukia pombe au aliyemeza bugizi, vile vidonge vya usingizi, hurudishwa, na hapo sina ubishi: vitu hivyo vikichanganyika na methadoni, pumzi hupungua taratibu, mtu akafia usingizini.

Lawama yangu ni saa. Dirisha hufunguliwa saa mbili, ilhali vibarua wa mjengo huchukuliwa saa moja, hivi kwamba aliyepata nafuu hata akatamani kazi hulazimika kuchagua kati ya riziki na dawa. Mwezi wa pili mdogo wangu alichagua riziki siku sita mfululizo. Aliporudi alianzishwa upya kwa dozi ndogo, jambo lililomkasirisha ingawa ni sahihi, maana mwili uliokwisha kuisahau dozi kubwa unaweza kuuawa nayo. Wiki zile za kupandishiwa dozi kidogo kidogo, huku arosto ikimrudia na maskani iko mtaa wa pili tu, sikupata usingizi.

Niliandika kuomba dirisha lifunguliwe saa kumi na mbili. Sijajibiwa, na kwa sasa amejitafutia kazi ya jioni, kumkaangia jirani viazi karai.