Uzoefu wangu: Kushiriki mashindano ya waandishi Wakristo ya ng'ambo ukiwa Kisumu

Kwa anayeandika riwaya ya Kikristo kwa Kiingereza huku Kisumu, Kakamega au Nakuru, ada ya mashindano ya Marekani ina thamani yake iwapo waandaaji wanarudisha maoni ya majaji kwa maandishi. Kama hawarudishi, baki na pesa zako. Huo ndio msimamo wangu baada ya kujaza fomu hizi zaidi ya mara moja. Ushindi ni wa mmoja, lakini fomu ya alama humfikia kila aliyelipa, na ndani yake unapata maneno ya wasomaji wasiokujua, wasiosali nawe, na wasio na sababu ya kukusifu. Msomaji wa aina hiyo ni adimu kwetu.

Kabla ya kulipa, soma sharti la nani anaruhusiwa. Word Awards, zinazotolewa na The Word Guild ya Kanada, ni za raia na wakaazi wa Kanada. Ukitoka Kondele, hapa Kisumu, hata ukiandika vizuri namna gani hauingii. Christy Award ni ya riwaya ambazo tayari zimechapishwa. ACFW, chama cha Marekani cha waandishi wa riwaya za Kikristo, kina mashindano mawili ambayo watu huyachanganya: Carol ni la vitabu vilivyotoka, Genesis ni la miswada ya ambao riwaya yao haijachapishwa. Anayeandika kwa Kiswahili atazame kwingine. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili. Si tuzo ya dini, lakini riwaya nzuri yenye mchungaji ndani yake ni riwaya nzuri.

Tafuta pia kifungu cha haki. Shindano la heshima huacha haki zote kwako, au huomba ruhusa ya kuchapisha dondoo fupi ukishinda. Ukiona kwamba kwa kutuma tu umekabidhi haki za kuchapisha muswada mzima, funga ukurasa huo. Vilevile jihadhari na lenye makumi ya vitengo, ambapo karibu kila mtu ni mshindi wa kitu fulani na kisha anauziwa vibandiko vya kubandika kwenye jalada.

Sasa karatasi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu huangukia kabla jaji hajasoma neno. Kompyuta za Kenya zimewekwa A4, sentimita 21 kwa 29.7. Wamarekani hutumia Letter, ambayo ni 21.59 kwa 27.94. Tuseme wameomba kurasa 15 za kwanza, Times New Roman ya 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.54 kila upande. Ukizijaza kurasa 15 za A4 na mratibu akazigeuza kuwa Letter, maandishi yanamwagika hadi zaidi ya nusu ya ukurasa wa 16. Kinachozidi hukatwa, na mara nyingi kinachokatwa ni ile sentensi uliyoipanga imalizie sura. Badilisha ukubwa wa ukurasa kuwa Letter tangu mwanzo, kisha pima. Kurasa 15 za namna hiyo hubeba maneno kama 3,750.

Majaji husoma bila kujua mwandishi ni nani, kwa hiyo jina lako lisionekane popote. Kulifuta juu ya ukurasa hakutoshi. Bonyeza Faili, ingia kwenye maelezo ya hati, na utalikuta jina lako, au la mwenye saiba ulikochapia, limekaa mahali pa mwandishi. Lifute. Maoni ya pembeni na masahihisho yaliyofuatiliwa (Track Changes) nayo hubeba jina la aliyeyaandika. Yakubali au yaondoe yote. Jina la faili liwe kichwa cha muswada na kitengo, si "Riwaya yangu ya mwisho kabisa 3".

Malipo hayana shida siku hizi. Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inafanya kazi kwenye tovuti nyingi za mashindano. Ikikataa, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza ni salio: dola hubadilishwa kwa kiwango cha juu kuliko unachokiona kwenye habari, kwa hiyo weka ziada. Ya pili ni ile namba ya usalama ya tarakimu 3, ambayo hudumu muda mfupi. Iombe ukiwa tayari umejaza kila kitu kingine. Ya tatu ni anwani. Fomu hufunguka ikiwa imechagua Marekani na inadai jimbo. Badilisha nchi kwanza iwe Kenya, ndipo ujaze namba ya posta: 40100 kwa Kisumu, 20100 kwa Nakuru, 50100 kwa Kakamega.

Saa ya mwisho huandikwa kwa saa za kwao. Saa tano na dakika 59 usiku ya New York ni saa moja na dakika 59 asubuhi ya kesho yake hapa Kisumu, wakati wa majira yao ya baridi. Wakishasogeza saa mbele, Jumapili ya pili ya Machi, tunapoteza saa nzima: inakuwa saa kumi na mbili na dakika 59 alfajiri. Usiihesabu asubuhi hiyo kama muda wa kazi. Stima ikipotea usiku na bando likaisha, hakuna mratibu atakayesikiliza. Tuma siku tatu kabla, kisha hifadhi ile barua pepe ya uthibitisho.

Tukija kwenye maandishi yenyewe, mapungufu yanayowashusha waandishi wa upande wetu yanajirudia mno. Kubwa ni kudhani kwamba msomaji Mkristo wa Texas au Ohio analijua kanisa letu. Chukua mhusika wa Kanisa la Marafiki kule Vihiga. Marafiki ndio Waquaker, nao wako Kaimosi tangu 1902, na ibada yao ina nyimbo, mahubiri na matangazo marefu. Jaji wa Marekani akisikia Quaker anaweza kufikiria watu walioketi kimya, naye atakuandikia kwamba hujafanya utafiti. Sentensi moja ya kwaya ikiingia mlangoni kwa kuimba inamaliza tatizo. Hali kadhalika kanzu nyeupe na ngoma za kanisa la African Israel Nineveh, au mavazi ya kanisa la Legio Maria: onyesha mhusika anazifua, anazivaa, anaandamana nazo barabarani Jumapili, na maana itajitokeza bila wewe kutoa somo.

Maneno kama kesha, disko matanga (ile disko ya usiku wa msibani) na Nyasaye (Mungu) yaache yalivyo. Usiyawekee tafsiri kwenye mabano wala orodha ya maneno mwishoni, maana kurasa 15 hazina nafasi hiyo. Mama akichukua blanketi na tochi kwenda kesha, kila msomaji ameelewa. Kikomo changu ni maneno mawili ya namna hiyo kwa ukurasa. Yakizidi hapo, jaji asiye wa kwetu huanza kuchoka na alama za mtiririko hushuka.

Kasoro nyingine ni kuhubiri. Mhusika anaokoka ukurasa wa tisa, analia, na kila tatizo linaisha. Majaji hawa ni Wakristo na wameshaisoma sala hiyo mara nyingi. Wanachotafuta ni gharama yake: baada ya kuokoka, deni la chama cha akiba bado lipo, na shemeji bado hazungumzi naye. Ukinukuu Biblia, usijitafsirie mwenyewe kutoka Kiswahili. Nukuu toleo la Kiingereza linalojulikana, ulitaje, na usizidishe aya mbili mahali pamoja.

Muhtasari ni ukurasa mmoja, na lazima useme mwisho wa hadithi. Ukimalizia na swali la kumtamanisha jaji, umepoteza alama ambazo zilikuwa za bure.

Kuhusu vitabu vilivyochapishwa nitasema machache. Mashindano mengine hudai nakala halisi, na kuziposti kutoka Kisumu hadi Marekani kunaweza kuzidi ada yenyewe. Kama kitabu chako kiko Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, agiza nakala za mwandishi zipelekwe moja kwa moja kwa anwani ya waandaaji. Usiagize nakala za majaribio, kwani hizo hupigwa mhuri wa "hairuhusiwi kuuzwa" juu ya jalada. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya bure ya KDP huonyesha kwamba umejichapisha mwenyewe, basi chagua kitengo kinacholingana. Namba ya Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa, na huanza na 978-9966 au 978-9914.

Fomu za alama zikirudi, zichapishe na uzilaze mezani pamoja. Jaji mmoja akikupa alama za juu na mwingine za chini kwa mazungumzo yale yale, hilo ni suala la ladha, liache. Wawili wakikwama kwenye ukurasa ule ule, hata kama kila mmoja ametaja sababu tofauti, anza kuandika upya kuanzia ukurasa unaotangulia, kwa kuwa mara nyingi walipotea hapo kabla ya kutambua.