Shotigani kwanza, raifo baadaye: uzoefu wangu Sikonge

Kwa mwindaji mwenyeji wa Tabora anayetaka kitoweo bila kutegemea bucha, bunduki mbili zinatosha, na ya kwanza iwe shotigani ya mitutu miwili, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Yangu ni Baikal ya Urusi, ile inayokunjwa katikati. Urembo haina, ni nzito kama mchi, na vifyatulio vyake viwili vinataka mazoea. Lakini mtutu wa kulia una mdomo mpana kuliko wa kushoto, kwa hiyo marisau, yaani vitone vya risasi, hutawanyika kwa namna mbili. Kanga akiruka karibu navuta kifyatulio cha mbele. Akishasogea, cha nyuma. Ikizidi mita 35 hivi namwacha, maana hapo ni kujeruhi tu.

Uzuri wenyewe uko kwenye risasi. Marisau namba 6 kwa kwale na kanga, risasi ya kipande kimoja kwa ngiri wa karibu, bunduki ile ile. Ila uangalie urefu wa chemba, pale risasi inapokaa, kabla ya kulipa: iwe milimita 70 au 76. Baadhi ya bunduki kuukuu za Kiingereza ni milimita 65. Risasi ya 70 inaingia humo vizuri kabisa, lakini ukifyatua, ganda linakosa nafasi ya kufunguka na shinikizo linapanda. Usijaribu.

Ya pili, raifo ya .30-06, kwa swala na kongoni wa mbali. Ni risasi iliyoanza kutumiwa na jeshi la Marekani mwaka 1906. Wanaokushauri raifo nzito ya .375 wanawaza nyati; kama huwindi nyati, hilo teke begani la nini? Raifo ndogo ya .22 sikuichukua, maana kila bunduki inakuja na makaratasi yake polisi. Na leseni ya bunduki si ya uwindaji: bila hiyo ya uwindaji, hata kwale humgusi.

Habari za gobore msiniletee. Baruti ikipata unyevu wa Novemba utabaki unabofya huku ngiri anakutazama.

Kwa kutu, Baikal imenifurahisha. Ndani ya mitutu kuna kromu, hivyo mvua za miombo huishambulia zaidi kwa nje, na kitambaa chenye mafuta kila jioni kinamaliza kazi. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya kitako, kilichochongwa kwa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yangu.