BleachBit: kisafisha diski kinachostahili kuaminiwa

Kwa kompyuta yetu ya nyumbani hapa Sinza, ambayo diski yake ilijaa faili za muda na mabaki ya vivinjari hadi ikawa inasuasua, naisifu BleachBit, programu ya bure iliyopo tangu 2008. Uzuri wake mkubwa ni hatua ya kuhakiki: kabla ya kufuta chochote huorodhesha kila faili na ukubwa wake, ukapitia kwa utulivu. Usiguse kisanduku cha manenosiri ya kivinjari, maana utayapoteza yote yaliyohifadhiwa humo. Kuandika juu ya nafasi tupu, ili vilivyofutwa visirejeshwe, huweza kuchukua saa nyingi, hivyo ni kazi ya siku yenye umeme wa uhakika. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, nashauri kazi hiyo iachwe, kwani huichosha diski bure.