Uzoefu wangu na StoryGraph: kumweleza msomaji mwenzako kitabu bila kumwachia nyota tupu

Nimeitumia StoryGraph, huduma ya mtandaoni ya kuorodhesha vitabu unavyosoma na kuvitolea maoni, kwa muda wa kutosha kuweza kuieleza kwa kujiamini, na ninaipima kwa jambo moja tu: je, inamsaidia msomaji kumweleza mwenzake kitabu anachokipenda, au alichokimaliza hivi karibuni, kwa namna itakayomwezesha yule anayeelezwa kuamua kama akisome au akiache? Huduma za aina hii zimejaa mambo mengine yanayomhusu msomaji peke yake, kama vile malengo ya mwaka, hesabu ya kurasa na michoro ya rangi, nami nitayagusa kwa ufupi kwa sababu si hayo yaliyonifanya nibaki.

Kabla ya hapo nilizoea njia ambayo wasomaji wengi wanaijua. Mtu akimaliza kitabu hutuma picha ya jalada kwenye kikundi cha simu, akaongeza nyota nne au tano na neno moja la sifa, kisha wengine wakapongeza na mazungumzo yakahamia kwingine. Kitabu kilikuwa kimetajwa lakini hakikuwa kimeelezwa. Nyota nne za msomaji anayependa visa vya kasi hazinifai mimi ninayependa masimulizi yanayotulia na kuchimba nafsi ya mhusika, wala zangu hazimfai yeye. Ninachohitaji kutoka kwa msomaji mwenzangu ni kujua kitabu kinasomekaje: kama ni kizito au chepesi, kama kinasukumwa na matukio au na wahusika, na kitamwacha mtu katika hali gani.

Katika hilo, huduma zilizopo zina asili tofauti, na asili hiyo inaonekana mpaka leo katika kile ambacho kila moja inakifanya vizuri. LibraryThing, aliyoianzisha Tim Spalding mwaka 2005, ni katalogi kwanza: inachukua taarifa za vitabu kutoka maktaba kubwa, ikiwemo Maktaba ya Bunge la Marekani, na mtu mwenye rafu nyingi nyumbani ataithamini sana. Goodreads ilifunguliwa Januari 2007 na Otis Chandler pamoja na Elizabeth Khuri Chandler, ikanunuliwa na Amazon mwaka 2013. Nguvu yake ni wingi wa watu, kwa maana ni vigumu kukitaja kitabu kinachojulikana usikute maoni yake pale. StoryGraph ndiyo changa kati ya hizi. Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa Uingereza, aliianza mwaka 2019, nayo imejengwa juu ya swali la namna kitabu kinavyosomeka, ambalo ndilo swali langu.

Ukishaonyesha kwamba umemaliza kitabu, fomu ya maoni hufunguka, nayo haianzi na kuisha kwenye nyota. Inauliza kitabu kina hali gani, na unaweza kuchagua zaidi ya moja: cha huzuni, cha matumaini, cha kutafakarisha, cha wasiwasi, cha kuchekesha na kadhalika. Inauliza kasi yake, kama ni ya taratibu, ya wastani au ya haraka. Inauliza kama kinabebwa zaidi na matukio au na wahusika, kama wahusika wanakua kadiri kisa kinavyosonga, kama wanapendeka, na kama kasoro zao ndizo kiini cha hadithi. Majibu ya wasomaji wote hukusanywa na kuonyeshwa kwa asilimia kwenye ukurasa wa kitabu. Unaweza kuruka swali lolote usilotaka kulijibu, na chini kuna nafasi ya kuandika maoni yako kwa lugha yoyote, ingawa maswali yenyewe nimeyatumia kwa Kiingereza.

Faida ya maswali hayo niliiona waziwazi nilipoandika kuhusu vitabu viwili vya Euphrase Kezilahabi nilivyovirudia mfululizo. Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ni kisa cha binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, na kinasimuliwa kwa njia iliyonyooka kiasi kwamba msomaji anajua wakati wote yuko wapi na anamfuata nani. Nagona, ya mwaka 1990, ni kitabu chembamba ambacho kurasa zake hazifiki mia, lakini kimejaa ndoto, mafumbo na falsafa, na mtu anaweza kufika mwisho wake akahisi kwamba ndiyo kwanza ameanza kukisoma. Vyote viwili nilivipa alama ileile. Kwa njia ya nyota peke yake, mwenzangu aliyefurahia Rosa Mistika angeliichukua Nagona akitarajia mwendo uleule, na huenda angeiweka chini kwa uchungu katika sura za mwanzo. Kwenye fomu hii, cha kwanza nilikiandika kuwa cha huzuni chenye kasi ya wastani na kinachobebwa na wahusika. Cha pili nilikiandika kuwa cha kutafakarisha, kigumu, cha kasi ya taratibu licha ya wembamba wake. Msomaji mmoja aliyeyaona maoni hayo aliniambia kwamba ameamua kuisoma Nagona sura moja kwa siku, na kwamba ameifurahia kwa sababu hakuikimbilia.

Jambo la pili ninalolithamini ni sehemu ya tahadhari za maudhui. Msomaji anataja mambo mazito yaliyomo kitabuni na kuonyesha uzito wake katika ngazi tatu, kuanzia yale yanayoelezwa waziwazi hadi yale yanayoguswa tu. Wapo wanaoona kwamba tahadhari hizi zinamfanya msomaji mtu mzima kuwa mtoto, nami siafikiani nao. Anayempendekezea mwenzake Rosa Mistika ana wajibu wa kumwambia kwamba mna ukatili wa nyumbani na utoaji mimba, pamoja na jambo jingine ambalo sitalitaja hapa kwa kuwa linahusu mwisho. Mtu aliyetoka kwenye msiba au aliyepitia yaliyo katika kitabu hastahili kuvamiwa nayo katikati ya usiku. Kwa kuwa tahadhari zina mahali pake, nimeacha kuzichanganya na maoni yenyewe, na asiyetaka kuharibiwa uhondo anaweza kuyasoma maoni bila kugongana nazo.

Kuhusu alama zenyewe sina mengi ya kusema. StoryGraph inaruhusu robo ya nyota, na kwa mtu anayesitasita kati ya nne na tano hilo ni jema. Muhimu zaidi kwangu ni kwamba unaweza kukiweka kitabu katika kundi la vilivyoachwa njiani, kikiwa kimetengwa na vilivyomalizwa, na kueleza kwa nini umekiacha. Maoni ya mtu aliyeishia katikati ni habari ya kweli kwa wasomaji wengine, ilimradi aseme wazi ameishia wapi. Ningependa wasomaji wengi zaidi waitumie nafasi hiyo, kwa sababu orodha zetu nyingi zinaonyesha ushindi mtupu, na anayezisoma hudhani kwamba ni yeye peke yake anayeshindwa kufika mwisho.

Sehemu iliyonivutia kuliko zote ni ile ya kusoma pamoja. Mnakubaliana kitabu, mnaalikana, kila mmoja anaandika maoni yake akiyafungamanisha na mahali alipofika. Maoni ya aliyetangulia hubaki yamefungwa kwa aliye nyuma mpaka naye afike pale na kuonyesha hivyo. Anachokiona ni kwamba kuna neno linamsubiri mbele, basi. Wale waliowahi kusoma kitabu pamoja kwenye kikundi cha kawaida cha ujumbe wanajua shida inayotatuliwa hapa: mwenye kasi hujizuia asiseme lolote, au husema akawaharibia wengine, na mwenye kazi nyingi huogopa hata kukifungua kikundi. Kwa mpango huu, mwepesi huandika wakati hisia zake zikiwa bado za moto, na mzito hukutana nazo anapofika. Nimeona mjadala wa ukurasa mmoja ukifufuka wiki kadhaa baadaye kwa sababu msomaji wa mwisho alifika pale na kuuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria, na tulirudi kukisoma kifungu kile tena.

Kuna upande unaohitaji subira, hasa kwa sisi tunaosoma vitabu vya Kiswahili. Katalogi za huduma hizi zote zinategemea taarifa zinazotoka kwa wachapishaji, maktaba na wasomaji wenyewe, na vitabu vyetu vingi ama havimo, ama vimo bila jalada, ama jina la mwandishi limeandikwa kwa namna mbili tofauti na kazi zake zikatawanyika. Njia ni kukiingiza kitabu kwa mkono: unaandika jina lake, mwandishi, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, iliyo nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa taarifa za uchapishaji. Hapo inafaa kukumbuka kwamba namba za ISBN zilikuwa na tarakimu 10 hadi mwisho wa mwaka 2006, na tangu Januari 2007 zina tarakimu 13. Kwa hiyo nakala ya zamani yenye tarakimu 10 haina kasoro yoyote, na vitabu vya kale zaidi huenda visiwe na namba kabisa. Kazi hii inachosha, lakini ukishaifanya mara moja, kila msomaji anayekuja baada yako anakikuta kitabu kimekaa mahali pake. Nawasihi wanaopenda fasihi yetu wasiikimbie, maana kitabu kisichoonekana kwenye utafutaji hakipendekezwi kwa yeyote.

Suala la matoleo linahitaji uangalifu wa pekee. Huduma hizi huyaweka matoleo yote ya kazi moja chini ya paa moja, zikiwemo tafsiri, na wastani wa alama hukusanya kila kitu. Chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise. Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1994 na tafsiri ikatoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Anayetafuta kujua kama Kiswahili cha Peponi kinasomeka vizuri hatapata jibu kwenye wastani, kwa sababu ni maoni ya watu ambao wengi wao wamesoma Kiingereza. Jibu lazima liandikwe na msomaji kwa maneno. Kwa upande wangu niliandika kwamba mazungumzo ya wafanyabiashara wa msafarani yamenikolea mno, na kwamba nilimwona kijana Yusuf na Mjomba Aziz kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukutana nao, ingawa kisa nilikuwa nakijua. Nimejiwekea desturi ya kutaja katika sentensi ya kwanza ya kila maoni ni toleo gani nililolisoma.

Mapendekezo yanayotolewa na programu yenyewe ni ya wastani. Yanafuata hali na kasi unazozipenda, na kwa vitabu vya Kiingereza yamenipatia vichache vizuri ambavyo nisingevijua. Kwa Kiswahili bado hayana cha kushika, na hapo mapendekezo ya wasomaji ninaowafuata yanayashinda kwa mbali. Michoro ya takwimu inapendeza macho. Mazungumzo ya jumla kati ya watu wasiojuana ni machache kuliko Goodreads, na anayetafuta umati wa kubishana nao huenda akaona upweke. Mimi nilikuja na wasomaji wangu, kwa hiyo halikunipunguzia kitu.

Kuhama hakunipa taabu. Goodreads inakuruhusu kupakua orodha yako yote katika faili moja, na StoryGraph inaipokea faili hiyo pamoja na alama, tarehe na maoni yako. Hata usipokusudia kuhama, ipakue mara kwa mara na uihifadhi kwako, kwa kuwa maoni uliyoyaandika kwa miaka ni mali yako na hayapaswi kukaa mahali pamoja tu.

Ningeipendekeza StoryGraph kwa yeyote mwenye wasomaji wenzake hata wawili, ambaye amechoka kutajiwa vitabu bila kuelezwa. Kwa asiye na mtu wa kusoma naye, Goodreads itampa wenzake haraka zaidi, na kwa mwenye maktaba ya nyumbani anayetaka kujua kila nakala iko wapi, LibraryThing haina mpinzani. Sisi sasa tumeanza kuisoma Peponi pamoja, wengine kwa Kiswahili na wengine kwa Kiingereza. Kwa kuwa namba za kurasa za matoleo hayo hazilingani, tumekubaliana kutozitegemea: kila mmoja anataja sehemu aliyopo katika zile sita za riwaya, anaandika neno lake, na anamsubiri mwenzake afike.