Stiaring ilikuwa inacheza nikishika breki: gereji ya Nakuru iliyopima kwanza ndio ikashika spana

Wacha niandike hii nikiwa bado nakumbuka, kwa sababu nimekula hasara karibu mwaka mzima kabla nipate fundi wa maana hapa Nakuru na najua saa hii kuna mtu mahali anauziwa diski za breki ambazo hazihitaji.

Gari ni Toyota Fielder, naenda nayo Kisumu kila mwezi kuona wazazi. Shida ilikuwa wakati wa kurudi, ukishapita Mau Summit uanze kushuka Sachang'wan kuelekea Salgaa, nikikanyaga breki nikiwa kwa 90 hivi stiaring inatetemeka mkononi kama ungo wa mtu anapepeta mahindi, na pedeli inanipiga mguu. Ikifika 40 inanyamaza kabisa kama si yeye. Na ile barabara mnaijua, lori mbele, lori nyuma, sio mahali pa kuanza kuombea breki.

Fundi wa kwanza alinifanyia balansi na alainmenti ya magurudumu, nikalipa, hakuna kitu kilibadilika. Wa pili akaangalia tu kwa macho akasema diski zimepinda, nunua mpya na padi zake. Nikanunua. Ikawa tamu kabisa kwa kilomita kama 4,000, halafu ikarudi vile vile. Nikimrudia ananiambia ati hizo diski ni feki, na ni yeye mwenyewe alienda kuzinunua na pesa yangu! Nikaondoka bila kusema neno.

Sasa hii gereji ya tatu iko huku upande wa Industrial Area, ndani ndani, ukiona kwa nje huwezi ukaisimamia. Lakini yule fundi kwanza alianza na maswali. Inatetemeka hata kama hujashika breki? Hapana. Basi tairi tuache kwanza. Unasikia kwa stiaring ama kwa kiti? Stiaring, akasema hiyo mara nyingi ni breki za mbele, za nyuma huwa zinasikika zaidi kwa kiti. Halafu tukatoka barabarani yeye akiendesha, tukafika mahali hakuna gari akavuta handibreki polepole huku amefinya kile kibonyezo, gari ikatulia tuli. Ndio akasema haya, nyuma kuko sawa, turudi. Hiyo yote hajafungua nati hata moja.

Akatoa diski, akaniita. "Madam, kuja uone hapa." Kwa hab, pale diski inakalia, kulikuwa na kutu imekauka kama ukoko wa ugali. Yule aliyeniwekea diski mpya alizipachika juu ya kutu bila kusugua! Akarudisha diski, akafunga nati zote, akaweka kile kisaa cha kupimia chenye mshale, akazungusha. Mshale ukacheza 0.11 milimita. Akasema kwa gari nyingi ndogo ikizidi 0.05 hiyo sio salama.

Na hapa ndio nilielewa kwa nini diski mpya zilikaa sawa halafu zikaharibika. Diski ikikaa upande kidogo tu, kila mzunguko ile sehemu iliyojitokeza inagusa padi hata kama hujashika breki, inasuguliwa, inasuguliwa, mpaka baada ya kilomita elfu kadhaa pale panakuwa pembamba kuliko kwingine. Sasa ukishika breki padi inapanda inashuka, inasukuma mafuta ya breki, unasikia kwa mguu. Kwa hivyo haikuwa imepinda na moto vile kila mtu huniambia, ilikuwa imelika visivyo sawa. Alipima unene na maikromita mahali nane kuzunguka diski na tofauti ilionekana.

Kazi yenyewe: alisugua hab na brashi ya waya na msasa mpaka chuma ikang'aa, diski zikapigwa skimu, yaani kuchongwa kidogo ziwe sawa, kwa mashine ya hapo nyuma kwa sababu bado zilikuwa nene kuliko kile kipimo cha chini kilichochapwa kwa diski yenyewe, na pini za kalipa ya kushoto, kile chuma kinachofinya padi kwa diski, zilikuwa zimeshikana akazitoa akazisafisha akapaka grisi. Akapima tena, 0.03. Kuna kijana alikuja mbio na ile bunduki ya upepo afunge magurudumu, akafukuzwa hapo hapo! Nati zilifungwa kwa mkono kwa kuvuka, hii halafu ile ya ng'ambo, akamalizia na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm 103, kipimo cha Toyota. Nati zikikazwa visivyo sawa diski inakaa upande tena, ndio akasema wale wa pancha wanaosimama na mguu juu ya wili spana ndio humletea wateja.

Pia akaniagiza mteremko mrefu nishuke na gia ya chini niache injini ishike gari, nisikae nimekanyaga breki njia yote. Na nikifika chini diski zikiwa moto nisisimame nimefinya pedeli kwa nguvu, padi inaacha alama pale pale. Na kuosha gari mara tu umefika, maji baridi kwa diski ya moto, ati niache. Mimi ndio huwa nafanya hivyo nikifika Kisumu, nateremka moja kwa moja kwa wale wa kuosha magari kando ya ziwa.

Mabaya yapo. Niliingia saa tatu asubuhi nikatoka saa tisa, mahali pa kukaa ni benchi ya mawe, choo usiulize. Simu hawashiki. Risiti nilipewa baada ya kuomba mara tatu. Lakini 4,500 kila kitu, ukilinganisha na zile pesa nilikuwa nimetupa huko nyuma, mimi sina neno.

Nimeshuka Sachang'wan mara nne tangu hapo, naweza kushika stiaring na vidole viwili. Jumamosi msiende, matatu zinajaa hapo kuanzia saa mbili na hutaguswa.